Kisanduku cha geti la mota: tenga waya wa umeme na waya wa ishara

Mageti ya mota yamekuwa jambo la kawaida Unguja. Pita Mbweni, Chukwani au Mazizini utayaona, na Pemba nako yapo, Chake Chake na Wete. Kuifunga mota yenyewe hakumtoi fundi jasho: anafuata mchoro, anaipa umeme, geti linakwenda na kurudi. Tabu huja baadaye, mwenye nyumba anapotaka kuongeza vitu. Leo fotoseli, yaani jicho linalozuia geti lisimfungie mtu njiani, kesho intakomu ya kuongea na mgeni, kisha kibao cha namba za siri, kufuli la umeme, taa ya kuwakawaka, kitufe cha jikoni. Fundi anafungua kifuniko cha kisanduku, anakutana na safu ndefu ya matundu ya skrubu, kila moja lina herufi mbili tatu, na mchoro uliokuja na boksi umeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Hapo ndipo majaribio yanapoanza. Si kila bodi iliyokufa, yaani kile kibao cha saketi cha ndani ya kisanduku kinachoongoza mota, iliuliwa na radi, nyengine ziliuliwa na waya uliotiwa mahali pasipo pake.

Ile safu inatisha ukiitazama kwa pamoja. Lakini kila kifaa kinachoungwa pale kina maswali mawili tu. La kwanza: kinakula umeme gani, na kinaupata wapi? La pili: kina ishara gani ya kuipa bodi? Kitufe cha ukutani hakili umeme wowote, kina ishara tu. Taa ya kuwakawaka haina ishara, inakula umeme tu. Fotoseli ina vyote viwili, na ndiyo maana watu wengi hukwama hapo. Chukua karatasi, andika kwa kila kifaa nyaya zipi ni za umeme na zipi ni za ishara. Ukimaliza kuandika hivyo, kazi iliyobaki ni ya bisibisi.

Tuanze na umeme wa kisanduku chenyewe. Unaingia ule wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, volti 230, laini na nyutro, ukipitia fyuzi. Upande huohuo wa bodi ndiko zinakotoka nyaya za mota: mmoja wa pamoja na mbili za mwendo, wa kufungua na wa kufunga, na baina ya hizo mbili hukaa kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji. Kisha kuna transfoma ndogo inayoshusha umeme hadi kiasi cha volti 24, na upande wa pili wa bodi wote unaishi kwa umeme huo mdogo. Mpaka baina ya pande hizi mbili ndio ulio muhimu kuliko kitu chochote ndani ya kisanduku. Waya wa kitufe usiende huko, na waya wa taa ya volti 230 usije huku, wala zisilale pamoja ndani ya paipu moja chini ya ardhi. Ngozi ya waya ikichubuka ndani ya paipu, volti 230 zitafika kwenye kitufe anachokibonyeza mtoto kwa kidole kilichorowa. Mtaro unaweza kuwa mmoja, paipu ziwe mbili.

Kabla ya kugusa chochote, zima breka ya geti. Geti lililosimama kimya bado lina volti 230 kisandukuni, na kapasita ya mota huweza kubaki na chaji hata baada ya breka kuzimwa, kwa hiyo miguu yake isishikwe ovyo. Asiyezoea umeme mkubwa amwachie fundi mwenye leseni upande huo. Upande wa volti 24, mwenye nyumba yeyote makini anaweza kuufahamu, na ni vyema aufahamu, kwa sababu humo ndimo mna usalama wa watu wake.

Sasa ishara. Bodi haisubiri umeme kutoka kwenye kitufe. Inasubiri nyaya mbili ziungane au ziachane, basi. Mafundi huiita kontakti ya namna hii kavu, kwa kuwa haina umeme wake: ni kama swichi ya taa ukutani, ambayo haitengenezi umeme bali huupitisha au huuzuia. Herufi zinazowachanganya watu zinaeleza hali ya kontakti hiyo kifaa kikiwa kimetulia. COM ni tundu la pamoja. NO ni kontakti inayokaa wazi na kujifunga inapoguswa. NC ni iliyofungana muda wote na kuachana inapoguswa.

Vifaa vya kuamrisha, yaani kitufe, kibao cha namba, intakomu na kipokezi cha ziada cha rimoti, hutumia NO. Vifaa vya kulinda, yaani fotoseli na kitufe cha kusimamisha, hutumia NC. Mpango huu una sababu, na sababu yenyewe inaonekana siku panya anapokata waya. Akikata wa kitufe, geti halifunguki kwa kitufe hicho, nawe unapata usumbufu kidogo. Akikata wa fotoseli, kama ingekuwa NO, bodi isingejua lolote. Geti lingeendelea kufunga kama jana, mpaka siku mtu amesimama katikati. Kwa NC, bodi haitofautishi waya uliokatika na mtu aliyekatiza: kwake vyote viwili ni hatari, na geti linakataa kufunga. Mwenye nyumba atalalamika kwamba geti limeharibika, kumbe linafanya lilichoundiwa.

Hapo hapo inatoka kanuni ya kuunga vifaa vingi. Vya NO huungwa sambamba: kitufe cha jikoni, kibao cha namba na intakomu vyote vinaingia kwenye matundu yaleyale mawili, START na COM, kwa sababu chochote kati yao kikijifunga kinatosha kutoa amri. Vya NC huungwa kwa mfululizo: waya unatoka COM, unapita fotoseli ya kwanza, unaingia ya pili, ndipo unarudi kwenye tundu la bodi, ili yeyote akikatiza mnyororo wote ukatike. Ukiunga NC mbili sambamba, moja ikiachana nyengine bado inapitisha, na bodi haitasikia kitu. Kosa hili ni baya kwa sababu halionekani. Taa zote zinawaka, relei (swichi ndogo zinazovutwa na umeme) zinabofya, geti linakwenda, na ulinzi haupo.

Fotoseli inastahili muda zaidi. Huja kwa jozi. Moja inatuma mwali usioonekana, nyengine inaupokea upande wa pili wa njia. Mtumaji ana nyaya mbili tu, za umeme, chanya na hasi. Mpokeaji ana nne: mbili za umeme na mbili za ishara. Nyaya za umeme za vifaa vyote viwili huungwa sambamba kwenye matundu ya volti 24 ya bodi. Zile mbili za ishara za mpokeaji ndizo zinazokwenda COM na tundu la fotoseli, ambalo bodi nyengine huliandika PHOTO na nyengine FT au jina jengine. Ndani ya kebo moja, basi, zipo nyaya za sambamba na nyaya za mfululizo, na fundi asiyetenga mambo mawili niliyoyataja mwanzo atazichanganya.

Usiziamini sana herufi zilizoandikwa kwenye mpokeaji. Watengenezaji hawakubaliani: kuna anayeita NC hali ya relei ikiwa haina umeme, na kuna anayeiita hivyo mwali ukiwa umefika. Mita ya fundi ya kupimia umeme ndiyo inayosema kweli. Ipe jozi umeme, zielekezane, kabla hujaunga nyaya za ishara kwenye bodi. Weka mita kwenye mlio na uguse yale matundu mawili ya ishara. Mwali ukiwa mzima mita ilie. Ziba kwa mkono, inyamaze. Kisha ng'oa umeme wa mtumaji, inyamaze tena. Mwisho ng'oa umeme wa mpokeaji mwenyewe, na hapo pia inyamaze. Ikilia katika mojawapo ya hali hizo tatu, umeshika tundu silo.

Kuna na suala la jampa. Bodi mpya mara nyingi huja na waya mfupi uliounganisha COM na tundu la fotoseli, na mwengine kwenye tundu la STOP, kwa sababu bila mnyororo kufungana geti haliendi. Ukifunga fotoseli, jampa ya tundu lake ing'olewe. Ikiachwa, ishara inapita njia ya mkato na fotoseli inabaki pambo la ukutani. Na jambo linaloniuma zaidi ni jampa inayorudishwa. Fotoseli imechafuka, geti limekataa kufunga, mwenye nyumba ana haraka, fundi anatia jampa "kwa leo tu", anaondoka. Leo hiyo huweza kudumu miaka. Mitaa yetu watoto wanapita kwa makundi kwenda skuli na chuoni, wanacheza mpira mbele ya geti lenye kivuli, wanashikilia nondo zake linapotembea. Geti la chuma la kusukumwa na mota halina huruma ya kuwapisha. Fundi aliyetia jampa na kuondoka amelipofusha, na anapaswa kumwambia mwenye nyumba hivyo kwa maneno hayohayo kabla hajalipwa. Kama fotoseli imekufa na mpya haijafika, zima mota, geti lisukumwe kwa mkono hadi ifike.

Urefu wa fotoseli kutoka ardhini uwe kiasi cha sentimita 50. Ukiipandisha hadi kiunoni kwa kuogopa maji ya mvua, mtoto mdogo atapita chini ya mwali. Baadhi ya bodi zina tundu la ukanda wa mpira unaofungwa kwenye ncha ya geti, na bodi huupima kwa kizuizi cha omu 8,200: ukibonyezwa kizuizi kinatoweka, waya ukikatika kinapanda mno, na kwa vyote viwili geti linasimama. Kwa nyumba yenye watoto, ukanda huo na fotoseli pamoja si anasa.

Turudi kwenye swali la umeme, kwa sababu ndilo linalochoma vifaa. Matundu ya volti 24 kwenye bodi yana uwezo mdogo, mara nyingi mamia kadhaa ya miliampea na si zaidi. Jozi moja ya fotoseli na kibao cha namba zinakaa vizuri hapo. Kufuli halikai. Jengine la kutazama ni aina ya umeme huo. Bodi nyingi hutoa volti 24 za kupishana, kama za transfoma yenyewe, na baadhi hutoa za upande mmoja kama za betri. Kifaa kilichoandikwa kwamba kinakubali zote mbili hakina neno. Kilichoandikwa cha umeme wa betri tu, ukikitia kwenye umeme wa kupishana kinaweza kuungua mara moja, na hata ukiunyoosha kwa dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, na kapasita, kilele chake kinafika karibu volti 34. Kibao cha volti 12 nacho hakitavumilia 24 kwa sababu tu "zilikuwepo karibu". Kinunulie adapta yake.

Intakomu ina mtego wa peke yake. Aina nyingi zina umeme wao wenyewe, na pale unapobonyeza kitufe cha kumfungulia mgeni hutoa moja ya vitu viwili: kontakti kavu, au volti 12 za kuendesha kufuli moja kwa moja. Ya kwanza unaiunga START na COM bila wasiwasi. Ya pili ukiiunga hapo umeipelekea bodi umeme isioungoja, na tundu hilo la bodi linaweza kufa palepale. Pima kwanza. Ukikuta volti 12, tia relei ndogo katikati: umeme wa intakomu unaendesha koili ya relei, kontakti ya relei ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Kama umeme huo ni wa upande mmoja, weka dayodi kwenye koili, 1N4007 inatosha, mstari wake wa fedha ukielekea chanya, kuzuia mkupuo unaorudi koili inapoachia. Njia hii ya relei inakutoa katika mashaka mengi. Kifaa chochote usichokielewa, kitenge na bodi kwa relei.

Kufuli la umeme ndilo linaloonesha kwa nini unene wa waya una maana. Tuseme kufuli la volti 12 linavuta ampea 1.5, liko mita 20 kutoka kisandukuni, na limeungwa kwa kebo ya alamu ya milimita mraba 0.22. Umeme unakwenda na kurudi, hiyo ni mita 40 za shaba nyembamba, sawa na omu 3.2 hivi. Zidisha kwa ampea 1.5: karibu volti 4.8 zimepotea njiani. Kufuli linapata 7.2, linatetemeka na halifunguki, na fundi analaumu kufuli. Ukitumia waya wa 1.5 zinapotea volti 0.7 tu. Kebo ileile nyembamba kwa fotoseli inayovuta miliampea 50 inapoteza volti 0.16, kitu kisichohisika. Basi kebo ya alamu itumike kwa ishara na fotoseli, kufuli lipewe waya mnene na transfoma yake, na bodi itoe amri tu kupitia relei.

Taa ya kuwakawaka haina mengi: tazama kama bodi yenyewe inakatakata umeme wake au inatoa umeme usiokatika, ununue taa inayolingana.

Kwetu visiwani kuna adui mwengine, nao ni chumvi. Upepo wa kusi unaibeba mpaka ndani ya nyumba za Paje na Jambiani, na hata mjini shaba iliyoachwa wazi inageuka kijani. Masika yakishika, kati ya Machi na Mei, maungio yaliyofungwa kwa tepu tu huanza kulalamika, na yanalalamika kwa namna mbili zinazopingana. Kwenye mnyororo wa NC, kutu inazuia umeme kupita, bodi inaona mnyororo umekatika, geti linakataa kufunga. Kwenye NO, maji ya chumvi yanapitisha umeme kidogo baina ya nyaya mbili, bodi inaona kitufe kimebonyezwa, na geti linajifungua usiku. Ukiambiwa dalili, umeshajua pa kuanzia: likikataa kufunga, fuata fotoseli na STOP, likijifungua, fuata vitufe na vibao vya nje. Ng'oa nyaya za START zote, na kama limetulia, zirudishe moja moja mpaka ujue mkosaji.

Tiba yake ni kazi safi tangu mwanzo. Usiunge waya chini ya ardhi. Kebo iwe nzima kutoka kifaa hadi kisanduku. Nyaya ziingie kisandukuni kwa chini, zikiwa zimepinda kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke hapo nje, na kila tundu la kuingilia libanwe kwa kizibo chake cha mpira. Ncha za waya wa nyuzi zivalishwe vikopo vya kubana kabla ya kuingia kwenye skrubu. Matundu yasiyotumika yazibwe, kwa sababu mjusi na sisimizi wanapenda joto la transfoma, na mjusi mmoja aliyekufa juu ya bodi anatosha kuiua.

Athi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, nayo ina shida yake. Magharibi ya Unguja udongo una kina, lakini ukienda uwandani, mashariki na kusini, chini ya udongo mwembamba kuna jiwe la matumbawe na fimbo ya athi inagonga mwamba mapema. Watu huikata na kuizika kipande, na hiyo ni athi ya jina. Afadhali kuchimba shimo, kulaza shaba kwenye udongo unaoshika unyevu, au kuunganisha fimbo kadhaa, kisha kupima. Na juu ya hayo geti liwe na breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30, kwa sababu ni chuma kitupu, na kila mtu hulishika.

Rimoti ikipungua nguvu, kabla ya kununua nyengine tazama antena. Nyingi zinatumia megahezi 433.92, na kipande cha waya kinachofaa masafa hayo kina urefu wa sentimita 17 hivi, kimenyooka, nje ya chuma. Waya uliokunjwa ndani ya kisanduku hausikii vizuri.

Kubaki bila umeme ni jambo tunalolijua. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 miezi mitatu, kabla ya kebo ya pili ya chini ya bahari kufika mwaka 2013. Anayenunua sasa achague mota ya volti 24 badala ya ile ya 230, kwani hiyo inapokea betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo, na bodi yenyewe inazichaji kama ina moduli yake. Lakini betri nayo huisha, na hapo unabaki ufunguo wa kuachia mota. Katika nyumba nyingi ufunguo huo umo ndani ya droo ya mtu mmoja aliyesafiri. Na kama uwanja hauna mlango mwengine wa kuingilia, kuuweka ndani hakusaidii aliyefungiwa nje. Kuna vifaa vya kuachia mota kutoka nje, vyenye kitasa chake ukutani, na vifungwe siku ileile ya kazi. Kabla fundi hajaondoka, breka izimwe, na kila mtu mzima wa nyumba, bibi naye akiwemo kama ana nguvu za kusukuma, alifungue geti kwa mkono wake mara moja.